Maji ya kijani yana picha: mwongozo kamili wa kupiga picha chini ya Ziwa Victoria

Miongozo mingi ya kupiga picha chini ya maji imeandikwa na watu wa bahari. Wao wanachukulia kwamba maji yako ni ya bluu, kwamba mwenzako unamwona akiwa mita ishirini mbele yako, na kwamba matumbawe yapo. Beba ushauri huo uingie nao ziwani Luchelele au Igombe, utatoka na picha za ukungu wa kijani uliojaa vidoti vyeupe, kisha utalaumu simu. Simu haina kosa. Ziwa lina sheria zake, na nyingi ni kinyume cha zile za bahari ya Nungwi, Zanzibar.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Mwanza, Ukerewe, Musoma au Bukoba mwenye simu ya kawaida au kamera ndogo, anayetaka picha za mandhari sahili: jiwe moja, mwale wa jua, tumbo la mtumbwi, mashina ya matete yanayopotea gizani. Hatutapiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Karibu kila kitu hapa kinafanyika ndani ya mita mbili za juu, na sehemu kubwa inafanyika ukiwa umekaa mtumbwini, mkavu.

Anza na mwanga

Baharini, maji maangavu humeza rangi nyekundu kwanza. Ndiyo maana wapigapicha wa huko hufunga kichujio chekundu mbele ya lenzi, ili kuirudisha. Ziwani mambo yamegeuka. Maji yetu yana mwani, chembe za udongo na mabaki ya mimea yaliyoyeyuka, na hivi vyote humeza bluu kwanza. Kadiri unavyoshuka, kinachobaki ni kijani na njano, na kwenye maji mazito kabisa, rangi ya chai. Kichujio chekundu hapa kinakunyang'anya mwanga mchache uliobaki, basi. Usikinunue.

Jambo hili linawagusa hata samaki. Kwenye mawe ya Ghuba ya Mwanza kuna furu, samaki wadogo wa ziwani, wa jenasi ya Pundamilia. Dume wa aina moja ni wa bluu na hukaa juu juu. Dume wa aina ya pili, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, ni mwekundu mgongoni na hukaa chini zaidi, ambako mwanga uliobaki umeelemea upande wa njano na wekundu. Majike humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba pale maji yanapochafuka, majike hushindwa kutofautisha na aina hizi huanza kuchanganyika. Kwa hiyo ukilalamika kwamba maji yameficha rangi, jua kwamba kuna wenye malalamiko mazito kuliko yako.

Kitu cha pili ni chembe. Ukiwasha flashi ya simu ndani ya maji haya ni kama kuwasha taa kubwa za gari kwenye ukungu: mwanga unagonga kilicho karibu na kukurudia usoni. Vile vidoti vyeupe vinatokea hapo. Flashi izimwe kabla hujatoka nyumbani, maana ukishafunga simu kwenye mfuko hutaikumbuka.

Cha tatu, mwanga hupinda unapotoka kwenye maji kuingia kwenye kioo bapa na hewa. Vitu vinaonekana vikubwa kwa takribani theluthi moja na karibu kuliko vilivyo, na lenzi yako inapoteza upana wake. Picha ambayo nchi kavu ingechukua jiwe zima, majini inachukua robo tatu yake.

Ukiyaweka haya matatu pamoja, unapata kanuni moja ambayo mwongozo mzima unaisimamia: kata maji. Kila sentimita ya maji kati ya lenzi na unachokipiga ni hasara ya rangi, ya ukali na ya mwanga. Lenzi pana, karibu sana, kitu kimoja. Usahili unaotafutwa na watu wa sanaa, ziwa hili linakulazimisha kuwa nao.

Pima maji kabla ya kupiga

Usikisie. Chukua kifuniko cha ndoo ya rangi, kikate kiwe duara la sentimita 20, kigawe mara nne, upake robo mbili zinazotazamana rangi nyeupe na mbili nyeusi. Toboa katikati, pitisha kamba yenye fundo kila sentimita 10, funga jiwe au boliti chini yake ili kizame wima. Wanasayansi wa maziwa wanatumia kifaa hikihiki, wanakiita diski ya Secchi.

Kishushe upande wa mtumbwi wenye kivuli. Pale kinapopotea, hesabu mafundo. Kivute polepole mpaka kionekane tena, hesabu. Wastani wa hizo mbili ndio uangavu wa maji ya siku hiyo.

Sasa gawa kwa tano. Hilo ndilo umbali wa juu wa kupigia. Uangavu ukiwa mita moja, kitu chako kiwe ndani ya sentimita 20. Ukiwa mita mbili, una sentimita 40, na hapo jiwe la ukubwa wa kiti tayari linaingia kwenye fremu ya lenzi pana. Ukiwa chini ya nusu mita, achana na mandhari siku hiyo. Piga vitu vidogo, au piga picha za kutazama juu, au kanywe chai.

Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2008 katika utafiti wa hao furu vinatoa picha nzuri ya eneo letu: kisiwa cha Luanso, ndani kabisa kusini mwa Ghuba ya Mwanza, takribani nusu mita, Kissenda karibu sentimita 80, visiwa vya Python chini kidogo ya mita moja, Makobe, kwenye Ghuba ya Speke, zaidi ya mita mbili. Namba hupanda na kushuka kwa msimu, ila mwelekeo ni huo: kadiri unavyotoka ndani ya ghuba kuelekea ziwa wazi, maji yanafunguka.

Wapi na lini

Kaa mbali na mdomo wa mto wowote. Mto Mirongo unaopita katikati ya jiji unaleta ziwani kila kitu ambacho jiji limetupa, na baada ya mvua hata fukwe za jirani hazifai kwa siku kadhaa. Ufukwe wa mchanga laini nao unadanganya: unaonekana safi ukiwa juu, lakini wimbi dogo tu linakoroga. Kwa mtu wa picha, rafiki wa kweli ni mwamba. Graniti ile ile inayobeba nyumba za Bugando na Capri Point inaendelea kushuka chini ya maji, mawe juu ya mawe, na pale penye mawe matupu hakuna tope la kukorogeka.

Kwa mtu anayeanza, upande wa Igombe na Kayenze una mawe ya kutosha na uko kwenye maji yaliyofunguka zaidi kuliko kule Nyegezi na Butimba. Mwenye nafasi ya kupanda feri hadi Nansio atapata maji bora zaidi kuzunguka Ukerewe na Ukara. Jiwe la Bismarck kila mtu analijua na linapigwa kila siku kutoka juu. Chini yake kuna pilikapilika za boti na maji ya mjini, kwa hiyo liache kwa wapigapicha wa nchi kavu. Saanane ni hifadhi ya taifa. Huko huingii majini wala hushushi kamera bila kuongea kwanza na ofisi ya hifadhi.

Kuhusu saa, sikiliza upepo kwanza, jua baadaye. Asubuhi ziwa huwa limetulia; mchana upepo wa ziwani huamka na mawimbi yanaanza kukoroga kingo. Dirisha zuri ni kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi. Kabla ya hapo jua liko chini mno na mwanga mwingi unateleza juu ya maji bila kuingia. Kumbuka pia kwamba Mwanza iko magharibi ya nchi, kwa hiyo jua letu halifiki utosini saa sita kamili. Linafika kati ya saa sita na nusu na saa saba hivi. Ukitaka miale inayoshuka wima, ndiyo saa yake, kama upepo utakuruhusu. Mara nyingi haukuruhusu.

Miezi ya Juni hadi Agosti ina upepo mkavu unaokoroga ziwa lote. Masika yanaleta udongo. Siku nzuri zinapatikana katikati ya vipindi hivyo, na anayezijua ni mtu wa mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi; hazimo kwenye programu ya hali ya hewa. Mfuate mvuvi anayetengeneza nyavu zake:

“Shikamoo mzee. Maji yakoje leo kule mawe ya nje?”

“Marahaba. Leo yamekoroga, upepo wa jana. Njoo keshokutwa, ukiwahi.”

Swali hilo moja linaokoa mafuta ya boti. Ukiwa hapohapo, pita ofisi ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, ueleze unachofanya. Kuna maeneo ya mazalia ya samaki yasiyoruhusiwa kuguswa, na kuna watu ambao wakiona mgeni ana kamera karibu na nyavu zao wanadhani ni doria imekuja kutafuta makokoro, nyavu za kukokota zilizopigwa marufuku. Eleza mapema, onyesha picha ulizopiga jana, mambo yanakuwa mepesi.

Usalama, bila kupamba

Mamba na viboko wapo ziwani. Hawapo kila mahali, na wenyeji wanajua wapo wapi. Uliza kila unapobadilisha eneo, hata kama ni umbali wa kilomita moja. Matete, vichaka vya mafunjo na magugumaji usiingie kabisa. Huko kamera iende peke yake, na nitaeleza jinsi.

Kichocho ni cha uhakika kuliko mamba. Vijidudu hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi yako ndani ya dakika chache, hasa mchana jua likiwaka. Penye majani na maji yaliyotulia karibu na makazi ya watu ndipo penye hatari kubwa. Mawe yanayopigwa na mawimbi yana nafuu, lakini nafuu si usalama. Nguo za kubana za mikono mirefu na suruali hupunguza, haziondoi. Ushauri wangu: nusu ya picha zilizo humu zipige bila kuingia majini.

Ukiingia, ingia mkiwa wawili, mmoja akiwa juu anakuangalia. Mtumbwini kila mtu avae jaketi okozi; nchi hii imekwisha kuzika watu wengi wa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 kiasi kwamba hakuna haja ya kubishana juu ya hilo. Usivute pumzi nyingi haraka haraka kabla ya kuzama ukidhani utakaa zaidi. Njia hiyo humfanya mtu azimie chini bila kuhisi dalili. Radi za ziwani hupiga sana usiku kuelekea alfajiri, kwa hiyo wingu jeusi la asubuhi lisubiri lipite hata kama maji yametulia. Na boti yenye injini ikiwa karibu, injini izimwe kabisa. Kuiweka huru tu hakutoshi.

Vifaa, kwa mpangilio wa mfuko wako

Mfuko wa plastiki wa simu, ule wa kufunga kwa klipu mbili, ndio mwanzo. Chagua wenye plastiki bapa na angavu upande wa lenzi. Kabla ya kuuamini, weka karatasi ya tishu ndani bila simu, ufunge, uukandamize chini ya maji kwenye beseni kwa nusu saa. Tishu ikitoka kavu, endelea. Rudia jaribio hilo kila baada ya safari chache, kwa sababu plastiki huchoka kwenye mikunjo. Hata kama simu yako ina alama ya IP68, ile ya kuvumilia maji, usiizamishe uchi: vipimo vile ni vya maji safi ya maabara, na mara nyingi dhamana haigusi simu iliyoingia maji.

Acha hewa kidogo ndani ya mfuko ili ukikuponyoka uelee. Kioo cha mguso hakitakutii majini. Maji yakiukandamiza mfuko, plastiki inagusa kioo yenyewe na simu inaanza kufungua mambo yake. Kwa hiyo kwenye mipangilio ya kamera weka kitufe cha sauti kiwe cha kupigia.

Kamera ndogo za michezo, kama GoPro, ni hatua inayofuata na kwa ziwa hili huenda ndiyo bora kuliko zote: lenzi ni pana sana, inapiga kwa karibu, na nyingi huvumilia mita 10 bila kasha. Kamera za familia ya Tough, kama TG-6, zinafika mita 15 na zinaweza kupiga kitu kilicho karibu kugusa lenzi, jambo linalozifaa sana kwenye maji yasiyoona mbali. Kamera kubwa ndani ya kasha lake ni gharama ya kiwango kingine. Mwenye nayo ajue kwamba kuba la kioo mbele ya lenzi ndilo linalorudisha upana ulioibiwa na kioo bapa.

Oringi, ile pete ya mpira inayoziba kasha, ikaguliwe kila mara. Unywele mmoja, chembe moja ya mchanga, inatosha kuingiza maji. Itoe, ifute kwa kitambaa kisicho na nyuzi, paka grisi ya silikoni kidogo sana, mng'ao tu. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe. Kimoja ndani ya kasha kinazuia ukungu kwenye kioo.

Kifaa ninachokithamini kuliko vyote hakiuzwi duka la kamera. Ni fimbo. Bomba la maji la plastiki la mita mbili, kamera imefungwa mwishoni kwa klampu, na kamba ya pili ya usalama kutoka kwenye kamera hadi mkononi. Umekaa mtumbwini, unashusha kamera kwenye matete, unaiingiza chini ya mwamba, unaizungushia jiwe. Tatizo ni kwamba huoni unachopiga, na usitegemee kuangalia kwa simu, kwa sababu Wi-Fi hukatika sentimita chache tu ndani ya maji. Iweke kamera ipige yenyewe kila sekunde mbili, au rekodi video ya ubora wa juu kisha uchomoe fremu. Baada ya muda mkono unajua pembe. Weka alama ya rangi kwenye bomba upande lenzi inakotazama, vinginevyo utarudi nyumbani na picha nzuri za maji matupu.

Mipangilio

Kwa simu: tumia lenzi kuu, ile ya namba 1. Ile ya upana zaidi kwenye simu nyingi ni dhaifu gizani. Kabla ya kuzamisha, elekeza kwenye kitu kilicho umbali ule uliopima, bonyeza kwa muda mpaka fokasi ifunge, kisha shusha mwanga kidogo, nusu hatua hivi, ili anga au jua lisiungue. Piga mfululizo.

Kwa kamera yenye mipangilio ya mkono: kasi ya shata isipungue 1/125 kwa jiwe na 1/250 kwa samaki, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ukomo 800, upige faili ghafi (RAW) kama kamera inaruhusu. Mizani ya weupe usiiache ijiamulie, maana ikiona kijani kitupu inababaika na kila picha inatoka na rangi yake. Shusha sahani nyeupe ya plastiki hadi kina utakachopigia, uifundishe kamera hapo. Ukibadilisha kina, rudia.

Picha zenyewe

Jiwe na nafasi tupu. Anza na hili, na usilidharau. Tafuta jiwe linalosimama peke yake ndani ya mita moja ya juu, lenye umbo linalosomeka hata ukifumba jicho nusu: ncha, ufa, mgongo wa mviringo. Weka kamera chini kidogo ya kichwa cha jiwe, itazame juu kwa pembe. Nyuma ya jiwe hakutaonekana kitu, kijani tu kinachofifia kutoka mwanga hadi giza. Baharini mpigapicha angehangaika kupata mandhari tupu kama hii; hapa ukungu wenyewe umefuta kila kisichohitajika. Jiwe lichukue theluthi moja, kijani kichukue iliyobaki. Ukilitazama kwa karibu utaona jiwe si la kijivu: limevaa nyasi fupi za mwani ambazo kila wimbi linazilaza upande mmoja na kuzirudisha, na katikati ya nyasi hizo kuna mistari mitupu iliyokwanguliwa na meno ya furu. Subiri nyasi zilale ndipo upige. Zikisimama picha inakuwa ya vurugu.

Dirisha la juu. Ukiwa chini ya maji tulivu na kutazama juu, dunia yote ya nje inajibana ndani ya duara moja lenye upana wa nyuzi kama 97. Nje ya duara hilo uso wa maji ni giza au kioo. Hata kwenye maji mazito picha hii inatoka, kwa sababu mwanga unakujia moja kwa moja na umbali wa maji ni mfupi. Shusha kamera kwa fimbo nusu mita tu, ikitazama juu, karibu na mwamba unaoinuka nje ya maji au chini ya tawi. Inahitaji maji yasiyo na wimbi kabisa, kwa hiyo iwe ya kwanza kwenye ratiba yako ya asubuhi.

Mtumbwi kutoka chini. Hapa kuna picha ambayo watu wa pwani ya ziwa wataielewa mara moja. Mtumbwi wa mbao ukiwa umetia nanga kwenye maji ya mita mbili, kamera iko chini pembeni, jua limefichwa nyuma ya ubao. Tumbo linakuwa kivuli cheusi, na miale inatoka kingoni. Kupata miale hiyo, kamera iwe na shata ya haraka, 1/250 na zaidi, na mwanga ushushwe hadi mtumbwi uwe mweusi kabisa. Mwambie mwenye mtumbwi atumbukize kasia mara moja na kulituliza. Mstari mmoja wa ulalo unatosha kuivunja ile simetria.

Nusu kwa nusu. Nusu ya lenzi nje, nusu ndani, mwamba unaonekana ukiendelea chini ya maji. Ndiyo picha ambayo kila mtu wa Mwanza anaitaka na ndiyo inayokatisha tamaa. Juu kuna mwanga mara nne au zaidi ya chini, kwa hiyo chagua maji ya kina kifupi sana yenye sakafu ya mchanga mweupe au jiwe jeupe, na jua liwe mgongoni mwako. Fukwe za jiji zinatazama magharibi, maana yake asubuhi jua linatoka nyuma ya vilima: ukisimama majini ukapiga kuelekea mjini unapata vivuli vyeusi. Geuka. Tafuta mwamba ulio ziwani upande wa nje yako, piga kuelekea magharibi. Fokasi iwe kwenye sehemu ya chini ya maji. Kuba likiwa dogo, au ukitumia mfuko wa simu, mstari wa maji utakuwa mnene na utaruka juu chini; piga mfululizo wa picha nyingi, utapata mbili. Kuhusu matone: loanisha kioo kizima, inua, piga kabla utando wa maji haujakatika na kuwa matone. Mate nayo hufanya kazi, na hakuna aibu.

Furu mlangoni. Hawa furu wa mawe, wavuvi wa huku wanawaita mbipi, ni miongoni mwa waliostahimili vizuri kidogo baada ya sangara kuletwa ziwani, kwa sababu mianya ya mawe iliwaficha. Dume analinda mwanya wake. Ukiiweka kamera kwenye fimbo sentimita 20 mbele ya mwanya huo na kuiacha itulie bila kutikisika dakika tano, atatoka kuikabili. Tazama pezi la chini karibu na mkia: lina madoa ya rangi ya machungwa yanayofanana na mayai. Jike anayepita mwenye kidevu kilichovimba amebeba mayai au watoto mdomoni; huyo mwache apite, usimfukuzie lenzi. Hapa tochi ndogo inaruhusiwa, iwekwe pembeni kabisa kwa fimbo ya pili, ili mwanga ukate kutoka ubavuni na usizipige chembe zilizo mbele ya lenzi.

Matete. Kamera kwa fimbo tu, kama nilivyosema. Mashina yanayosimama wima kwenye maji ya rangi ya chai yanatoa picha ambayo ukiigeuza nyeusi na nyeupe inakuwa mistari mitupu. Shusha taratibu, tope likiamka umekwisha.

Usipindue mawe, usiguse wavu wa mtu hata kama umekatisha fremu yako, usirushe chakula kuwaita samaki.

Kuhariri

Snapseed au Lightroom ya simu inatosha. Ongeza tofauti ya mwanga na giza, ondoa ukungu kiasi, sogeza rangi kidogo kuelekea zambarau ili kijani kisiumize macho, ufute vidoti vyeupe kimoja kimoja kwa kifutio. Kisha acha. Kuna mtindo wa kugeuza kijani kuwa bluu ya baharini, na simu za siku hizi zinakufanyia zenyewe kwa kubonyeza mara moja. Ziwa Victoria la bluu kama Nungwi ni uongo, na kila aliyekulia Kirumba ataujua. Picha isiyofaa kwa kijani chake ijaribu kuwa nyeusi na nyeupe kabla ya kuifuta.

Ukirudi nyumbani

Suuza kila kitu kwa maji ya bomba kikiwa bado kimefungwa. Ziwani hakuna chumvi ya kula vyuma, lakini mwani ukikaukia kwenye kitufe unaganda. Acha kikauke kivulini ndipo ufungue, na ufungue ukiwa umekausha mikono na nywele. Andika pembeni ya picha: mahali, saa, kina, namba ya Secchi na upepo ulikotoka. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuambia uende wapi siku gani.

Na kama uliingia majini, hesabu wiki sita hadi nane kisha kapime kichocho, mkojo na choo, hata kama hujisikii chochote. Ukipima mapema mno mayai bado hayajaanza kutoka, na dawa ya prazikwanteli haiwaui minyoo walio wachanga. Mweleze daktari kwamba huwa unaingia ziwani mara kwa mara, ili mpange kupima kila mwaka.